Nimepanga Kimara, nimepanga Kibada: uzoefu wangu

Anayetafuta nyumba Dar es Salaam huanza kuuliza kodi. Mimi nashauri uanze kuuliza gari linafika wapi. Nimepanga Kimara, kule juu vilimani, na sasa niko Kibada, Kigamboni. Tofauti kubwa niliyoiona ni hiyo.

Kimara ina sifa zake na siwezi kuinyima. Tangu mabasi ya mwendokasi, yenye njia yao peke yao, yaanze mwaka 2016, mtu wa Kariakoo kama mimi anapandia Kimara Mwisho na kushukia Gerezani, foleni ya Ubungo haimhusu. Basi linaanzia pale, kwa hiyo ukiwahi alfajiri unapata kiti. Kurudi jioni ndio mtihani. Maduka yamejaa, na stendi ya mabasi ya mikoani pale Mbezi ni pua na mdomo.

Shida inaanza ukishaacha lami. Huko ndani sehemu nyingi watu walijenga kwanza, njia zikafuata baadaye, zikipinda kati ya kuta na makorongo. Kiangazi bodaboda inakufikisha mlangoni. Masika ni utelezi mtupu. Usiku mmoja mama mkwe alizidiwa, tukampigia kijana wa bajaji tuliyemzoea. Akaishia chini ya mlima: "Dada, hapa sipandi, itarudi nyuma." Majirani wakatoka, wakamkalisha mama kwenye kiti cha plastiki, wakambeba hadi barabarani. Mungu awalipe. Lakini tangu siku ile, mvua ikinyesha usiku nilikuwa silali.

Kibada, sehemu kubwa ilipimwa kabla watu hawajajenga, kwenye ule mradi wa viwanja 20,000 wa miaka ya 2000. Mitaa imenyooka, ingawa mingi bado ni ya vumbi. Taksi inafika getini, boza la maji linafika getini. Kwa kodi ileile niliyolipa Kimara, huku nimepata uwa mpana na watoto wanacheza bila mimi kuchungulia dirishani kila saa.

Ila uliza maji kabla hujatoa hata shilingi. Visima vingi vya Kigamboni vina chumvi. Nyumba ya kwanza aliyotuonesha dalali ilikuwa nzuri, vigae vinang'aa, lakini birika lililoachwa jikoni lilikuwa na ukoko mweupe ndani. Nikafungua bomba, nikaonja, nikamwambia kaka twende nyingine. Tuliyochukua ina maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na tangi la akiba.

Halafu kuna kuvuka maji kwenda mjini. Mume wangu anafanya kazi Kurasini, anapita Daraja la Nyerere na kufika mapema. Tozo ilipunguzwa mwaka 2022, hata hivyo mwenye gari aihesabu pamoja na kodi. Mimi navuka kwa pantoni hadi Magogoni, kisha daladala. Likikuacha, kazini utachelewa, hakuna njia ya mkato.

Ukiwa peke yako, huna gari na kazi iko Kariakoo, chukua Kimara, lakini nyumba ya kutembea kwa miguu hadi kituoni. Mwenye mzee au mtoto mchanga aende Kibada. Kokote utakakochagua, kaangalie nyumba siku ya mvua, na dalali akisema njia inapitika, pandeni naye bajaji mpaka mlangoni ndipo mzungumze bei.