Mafuta ya hempu ya madukani Kisumu: soma nyuma ya chupa

Chupa ni ya mililita 30, kioo cheusi, na dropa ya mililita moja. Mbele imeandikwa hempu (aina ya bangi) miligramu 1,000. Nyuma, kwa herufi ndogo, "Cannabis sativa seed oil", na hayo ndiyo yaliyomo: mafuta ya mbegu. Mbegu ya bangi karibu haina kabisa kanabidioli, ile CBD inayosakwa na wazazi wa watoto wenye kifafa. Hiyo hutoka kwenye maua. Miligramu 1,000 si kipimo cha kanabidioli.

Hata ingekuwa kanabidioli tupu, hesabu ingekataa. Epidiolex, dawa ya kanabidioli iliyoidhinishwa Marekani Juni 2018 kwa kifafa sugu cha Dravet na Lennox-Gastaut, huanza na miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili, mara mbili kwa siku. Mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 100 kwa siku. Chupa hii ingempa miligramu 33 kwa mililita, kwa hiyo mililita tatu kila siku, na siku ya kumi imekwisha. Baada ya wiki moja dozi huweza kuongezwa maradufu. Maelekezo ya chupa? Matone kumi asubuhi na jioni, yaani kama mililita moja kwa siku.

Tunachoogopa zaidi ni mzazi kuamini amepata tiba, akamwachisha mtoto fenobabitali, dawa yake ya kifafa, ghafla. Degedege hurudi kwa nguvu, na huweza kukataa kukoma. Aliyepata kanabidioli ya kweli naye amwambie daktari: ikichanganywa na valproeti, dawa nyingine ya kifafa, ini huweza kuumia, na ikikutana na klobazamu, nayo ya kifafa, mtoto husinzia kupita kiasi.

Muuzaji akikwambia Umoja wa Mataifa umeihalalisha bangi, usikubali. Desemba 2020 tume yake ya dawa za kulevya ilipiga kura 27 kwa 25 kuitoa bangi kwenye Jedwali la Nne, lenye masharti makali zaidi, la mkataba wa 1961 wa dawa za kulevya. Ilibaki Jedwali la Kwanza, yaani bado inadhibitiwa, na kila nchi ikabaki na sheria yake. Yetu ya Kenya, ya 1994, inatambua leseni na maagizo ya daktari. Maneno ya muuzaji dukani si mojawapo.

Kwa ngozi kavu, mafuta haya tunayapendekeza: mepesi, hayaachi mng'ao wa mafuta usoni. Yaweke kwenye friji, maana joto la Kisumu huyaharibu upesi. Yakianza kunuka kama rangi ya ukuta, yatupe.