Mkaguzi wa kukodi: injini rumu sawa, sitahani alilegea

Mimi ni chifu injinia wa meli ndogo ya mizigo, Zanzibar, Mombasa na Moroni. Bendera yetu ni ya Tanzania, kwa hiyo tukifunga Kilindini sisi ni wageni, na mkaguzi wa serikali ana haki ya kupanda. Safari hii tajiri, mwenye meli, alitukodia jamaa wa kampuni inayopitia meli kabla ya ukaguzi wenyewe. Dola 600 kwa siku moja. Wenzangu mmeniuliza kama inafaa kumkodi mtu wa namna hiyo.

Aliahidi saa mbili asubuhi, akapanda saa tano kasoro. Akaomba ovaroli na tochi, akashuka injini rumu bila kugusa makaratasi. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba linalotoka kwenye separeta, mashine inayotenganisha mafuta na maji ya bilji (maji machafu yanayojikusanya chini ya meli), kwenda nje, akachutama, akawa anapitisha ukucha kwenye nati za flenji, pale mabomba mawili yanapoungana. Nati mbili rangi yake ilikuwa imepasuka.

"Chifu, hapa mlifungua lini?"

Nilibadilisha gasketi mwezi uliopita, kwa nia safi kabisa, ila sikuandika popote. Kumbe rangi iliyopasuka ndiyo mkaguzi anayoitafuta, maana wanaomwaga mafuta baharini kwa siri huunga bomba lao la wizi kwenye flenji kama hizo.

Kisha ile mita ya kupima mafuta kwenye maji yanayotoka nje, ambayo mwisho ni sehemu 15 za mafuta kwa milioni. Kwetu ilisoma sifuri muda wote, nami nikijivuna. Akafuatilia kibomba cha maji safi ya kuisuuza, akakuta valvu haijafungwa sawasawa. Mita ilikuwa inapima maji ya bomba! Miaka 14 nipo injini, nikaona haya mbele ya oila wangu, msaidizi wa injini rumu. Daftari la mafuta nalo akalilinganisha na tangi la tope: daftari lilisema mita za ujazo 2.1, kipimo kikatoka 2.9. Tulikesha tukitafuta kosa.

Sitahani ndipo aliponiudhi. Kulikuwa na manyunyu tu, akasema laifuboti, boti ya kuokolea watu, ataitazama ikiwa juu. Picha mbili, tiki, basi. Siku tatu baadaye mkaguzi wa serikali akasema ishusheni. Breki ya winchi ikagoma, boti ikaning'inia nusu njia, mabaharia wakitazamana. Tukaandikiwa kasoro ya kurekebishwa kabla ya kung'oa nanga, siku nzima ikapotea. Injini rumu hakupata cha kuandika. Meli haikuzuiwa, alhamdulillahi. Nchi za Bahari ya Hindi zina mkataba wao wa ukaguzi wa meli tangu 1998, ukizuiwa Mombasa, Durban wanazo habari zako.

Ripoti yake ilikuja kwa WhatsApp, kurasa 38 za Kiingereza kitupu, na serahangi wetu, kiongozi wa mabaharia wa sitahani, akanigeuza mkalimani wake jioni nzima.

Tajiri akiniuliza, nitamwambia amwite tena, ila salio asilipwe mpaka boti iguse maji.