Siku tisa Spiti kwa gari la kukodi: dereva alikuwa bora kuliko ofisi iliyomtuma

Mwishoni mwa Septemba, mimi na rafiki yangu ambaye tunasoma naye chuo kimoja huko Punjab tulikodi gari na dereva kwa siku tisa ili kulizunguka bonde la Spiti, katika jimbo la Himachal Pradesh, kaskazini mwa India. Mimi ni mtu wa Moshi na mwenzangu ni wa Tanga. Ninaandika uzoefu huu kwa sababu wanafunzi wenzetu kutoka Afrika Mashariki walioko Chandigarh na Jalandhar huiulizia sana safari hii kila likizo ikikaribia, na majibu wanayopewa mara nyingi ni picha tu, ilhali yanayoamua kama utaifurahia safari ni mambo mengine kabisa: upande utakaoanzia, hali ya tairi la akiba, na mtu aliyeshika usukani.

Tulipatana rupia 4,500 kwa siku, mafuta pamoja na chakula na malazi ya dereva yakiwemo, yaani rupia 40,500 kwa safari nzima, na juu yake tukalipa rupia 1,500 za mtungi wa oksijeni. Kwa watu wawili si fedha kidogo. Ipo njia ya rahisi zaidi, kwa kuwa mabasi ya serikali ya jimbo hufika hadi Kaza, mji mkuu wa bonde, na watu wengi huyatumia bila matatizo; sisi tulitaka uhuru wa kusimama. Mapatano yenyewe yalituchekesha kidogo, kwani maneno mengi ya biashara hii tulikuwa nayo tangu nyumbani. Rafiki yangu aliponigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili, "Gari lina bima?", mwenye ofisi iliyotukodisha gari alijibu kwa Kihindi kabla sijafungua mdomo kutafsiri, kwamba bima ipo na karatasi zake zimo garini. Gari, bima na laki vyote vilivuka bahari kutoka huko kuja kwetu, na siku hiyo vilituokoa katika kazi ya kuelezana.

Tulianza kutofautiana na ofisi juu ya njia. Spiti ina milango miwili. Mmoja ni wa Shimla na wilaya ya Kinnaur, ambao ni mrefu lakini hupanda kidogo kidogo. Mwingine ni wa Manali, ambao ni mfupi, ila unakutoa kwenye mita 2,050 asubuhi, unakupitisha Kunzum, njia ya kuvukia milima, kwenye mita 4,551 mchana, na kukulaza Kaza kwenye mita 3,650 usiku uleule. Ofisi ilitaka tuanzie Manali na kusisitiza kwamba hakuna tofauti. Mtu wa Moshi, hata kama hajawahi kuupanda mlima (nami nakiri kwamba sijawahi), hawezi kukubali maneno hayo, kwa sababu amekua akiwasikia waongozaji na wapagazi wakiwaambia wageni "pole pole" na kuwaona waliopuuza wakiteremshwa. Kaza iko karibu sawa na kambi ya Horombo, ambayo iko mita 3,720, na kule Kilimanjaro hakuna anayefika Horombo kwa siku moja kutoka mjini na kujiona mjanja. Tulishikilia Shimla kwanza, Manali mwisho, na ninamshauri yeyote atakayekodi gari aandikishe jambo hilo kwenye mkataba kabla ya kutoa hata senti ya malipo ya awali.

Dereva tuliyepewa alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Himachal, ambaye tangu siku ya kwanza alituita "beta", yaani wanangu, nasi tukamwita "chacha ji", baba mdogo. Hakuwa msemaji. Siku ya kwanza alituendesha hadi Narkanda, kwenye mita kama 2,700, na siku ya pili tukafuata mto Sutlej kuingia Kinnaur, kwenye barabara iliyochongwa ndani ya mwamba kiasi kwamba jiwe linakuwa paa juu ya gari na mto uko chini kabisa upande wa pili. Ulikuwa msimu wa matufaha, na malori yaliyosheheni maboksi yalikuwa yakishuka kwa mfululizo. Kila lilipotokea lori kwenye kona nyembamba, chacha ji alirudi nyuma mwenyewe bila kupiga honi wala kubishana, akaliegesha gari ukingoni, akasubiri. Nilihesabu mara kumi na moja kabla ya chakula cha mchana, kisha nikaacha kuhesabu. Pale Taranda, kwenye hekalu lililo kando ya barabara, alisimama, akavua viatu, akaomba kwa dakika mbili, akarudi na punje za sukari ya sadaka kwa ajili yetu sote.

Kosa la kwanza la ofisi lilijitokeza Reckong Peo, mji wa Kinnaur. Tulikuwa tumeambiwa kwamba kwa kuwa tuna viza za masomo hatuhitaji kibali chochote. Si kweli. Sehemu ya barabara inayopita karibu na mpaka wa Tibet, kati ya Kinnaur na Kaza, huwataka wageni wote wasio raia wa India wawe na kibali maalumu, na kibali hicho hukaguliwa na polisi njiani, pamoja na kituo cha Sumdo. Aliyetuokoa ni dereva, ambaye usiku wa kuamkia siku ya tatu alituuliza kama tunazo nakala za pasipoti, za viza na picha ndogo, na alipoona tunatazamana akaelewa. Asubuhi alitupeleka dukani kutoa nakala, kisha kwenye ofisi inayohusika, na mchana tulikuwa tumemaliza. Tulikuwa tumepanga kulala Kalpa siku mbili kwa ajili ya kuuzoea mwinuko, kwa hiyo hatukupoteza siku. Anayesafiri kwa haraka angeipoteza, hasa ikiangukia Jumapili.

Baada ya Khab, mahali mto Spiti unapoingia Sutlej, miti inakwisha. Mawingu ya masika ya India huzuiwa na milima iliyo kusini, kwa hiyo bonde hili ni jangwa, ila jangwa la baridi, na rangi zake ni za udongo tupu: kahawia, zambarau iliyofifia, kijivu, na chini kabisa mto wenye maji ya rangi ya zege. Tulilala Tabo, kwenye mita 3,280, ambako kuna monasteri ya Kibudha iliyojengwa mwaka 996 kwa udongo. Kwa nje ni kama maghala ya zamani yaliyopakwa lipu kwa mikono, na unaweza kuipita bila kugeuka. Ndani hakuna taa na kupiga picha hairuhusiwi, nami nilishukuru kwa marufuku hiyo, kwa sababu ilitulazimisha kutulia gizani mpaka macho yakazoea, na sanamu za udongo zilizopangwa ukutani juu ya vichwa vyetu zikaanza kutokeza moja baada ya nyingine, kisha michoro iliyo chini yake, mistari myembamba kama ya kalamu. Tulipanga nusu saa, tukakaa karibu saa mbili. Chacha ji alikuwa nje akinywa chai na wala hakutuharakisha, jambo ambalo katika huduma za aina hii lina thamani kubwa kuliko kiti cha ngozi.

Kaza tulilala usiku tatu. Hapo ndipo uamuzi wa njia ulipojilipa. Rafiki yangu aliumwa kichwa usiku wa kwanza, akanywa maji mengi na supu ya tambi ambayo wenyeji huiita thukpa, na kufikia asubuhi alikuwa mzima. Katika nyumba ya wageni tuliyofikia, vijana wanne waliotoka Manali kwa siku moja walishinda kitandani, na mmoja wao alikuwa akitapika hata maji. Usiku huohuo tuliamua kuujaribu mtungi wetu wa oksijeni, si kwa haja bali kwa tahadhari, tukafungua kifuniko na kukuta mshale wa kipimo umelala karibu na sifuri. Tulikuwa tumebeba chuma kitupu kwa kilomita mamia, tumekilipia, na kama tungekihitaji, ingekuwa saa nane za usiku. Kwa hiyo ukikodi gari lenye mtungi, usiridhike kuuona. Tazama kipimo mbele ya anayekukabidhi.

Kutoka Kaza tulizunguka kwa siku mbili na kurudi kulala palepale, kwa ushauri wa dereva aliyekataa katakata tulale vijiji vya juu. Siku moja ilikuwa ya monasteri ya Key, iliyokaa kilimani kwenye mita 4,166 kama vichuguu vyeupe vilivyopandana, na daraja la Chicham, lililofunguliwa mwaka 2017 juu ya korongo ambalo kabla ya hapo watu walilivuka kwa kikapu kinachovutwa kwenye waya. Siku ya pili ilikuwa ya Langza, Hikkim na Komic. Langza, watoto walitufuata na mawe meusi ya mviringo yenye mistari iliyojisokota. Rafiki yangu alichukua moja, akaligeuza mkononi.

"Kaka, huyu si konokono wa baharini?"

Alikuwa jamaa wa karibu wa ngisi, aliyegeuka jiwe, aliyeishi katika bahari ya kale ya Tethys kabla bara la India halijaigonga Asia na kuinua sakafu ya bahari hadi huku. Mtu aliyekulia Tanga, akiokota makombe ufukweni, alisimama kwenye mita zipatazo 4,400 na mnyama wa baharini kiganjani, akanyamaza kwa muda mrefu kuliko ninavyomjua. Chacha ji alimwambia kwa upole alirudishe, kwa kuwa kuuza na kununua mawe hayo hakuruhusiwi. Watoto walipewa biskuti.

Hikkim kuna ofisi ya posta iliyoanza kazi mwaka 1983, na watalii wote hununua kadi pale. Nami nilinunua. Karani aliitazama anwani niliyoandika, jina la mama na nambari ya S.L.P. ya Moshi, akaniuliza mtaa uko wapi na nambari ya nyumba ni ipi. Nilimweleza kwamba kwetu barua haiji nyumbani, mtu huifuata kwenye sanduku. Alifikiri kidogo, akauliza kama posta ya Moshi iko mlimani pia. Nikamjibu kwamba iko chini ya mlima. Akapiga muhuri. Kutoka hapo tulipanda hadi Komic, mita 4,587, karibu kufikia kimo cha kambi ya Kibo, na nilitembea hatua arobaini kutoka kwenye gari hadi kwenye monasteri nikapumzika mara mbili. Nimefika huko kwa gari, na watu wa nyumbani wamenicheka ipasavyo.

Siku ya nane ndiyo iliyopima huduma yote. Kutoka Losar hadi Gramphu barabara ilikuwa mawe matupu, na mahali pengi vijito vya barafu iliyoyeyuka vilikatiza njia bila daraja. Asubuhi maji huwa machache kwa kuwa barafu imeganda usiku; jua likichoma, kijito cha kifundoni huwa cha magotini ifikapo alasiri. Kwa sababu hiyo chacha ji alituamsha tukaondoka Kaza saa kumi alfajiri. Kunzum alilizungusha gari kwenye hekalu mara moja kwa mkono wa saa, kama ilivyo desturi, tukateremka, na kabla ya kufika Batal tukapata pancha. Akatoa tairi la akiba. Lilikuwa kipara kabisa, nyuzi zikichungulia upande mmoja. Alilitazama, akapitisha kidole gumba juu yake, akasema neno moja ambalo hatukuhitaji tafsiri yake, kisha akalifunga kwa sababu hakukuwa na lingine. Alitueleza kwamba gari alikabidhiwa alfajiri ya kuondoka, likiwa limeshapakiwa.

Kutoka hapo aliendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye kila kijito alishuka, akakunja suruali, akatupa mawe majini na kusikiliza mlio wake, akaingia mwenyewe kutafuta mahali pa kupita, kisha akatuomba tuvuke kwa miguu juu ya mawe ili gari liwe jepesi. Kijito cha mwisho kabla ya Chhatru kilikuwa na jiwe lililojificha chini ya povu. Alilipata kwa mguu, akarudi, akalipita kwa gurudumu la kulia likiwa juu ya ukingo, huku sisi ng'ambo tumeshikana mikono kama watoto. Jioni tuliingia handaki la Atal, lililofunguliwa mwaka 2020 chini ya njia ya milimani ya Rohtang, kilomita 9.02 za lami na taa, tukalimaliza kwa dakika zisizozidi kumi na tano. Asubuhi kilomita kama hizo zilikuwa zimetula saa nzima.

Ningetoa nyota tano kwa dereva, tatu kwa gari na moja kwa ofisi. Chacha ji tulimpa bakshishi ya rupia 3,000 mkononi mwake, si kupitia kwa mtu, na nambari yake ya simu ninayo. Mwaka huu nikienda na wadogo zangu nitampigia yeye moja kwa moja na kumwomba anitafutie gari analolijua mwenyewe. Ofisi niliiandikia barua pepe tatu. Baada ya ile ya tatu walirudisha rupia 1,500 za mtungi na kuniahidi punguzo katika safari ijayo. Kuhusu tairi hawajajibu.