Uzoefu wangu: misimu miwili ya mvua na mashine ya kukata nyasi ya mtumba, Lubumbashi

Nilianza kazi ya kutunza nyua za watu nikiwa na mafyekeo mawili, reki moja na toroli la kuazima, na kwa miezi ya kwanza vifaa hivyo vilitutosha mimi na vijana wangu wawili. Januari ilipofika na mvua kukolea, nyasi za mtaa wa Golf zilitushinda mbio, kwa maana ua tuliouacha safi Jumatatu ulikuwa umeshafunika vifundo vya miguu kabla hatujaumaliza mzunguko wa wateja wote. Ndipo nilipoamua kununua mashine, ile ambayo hapa mjini wengi huiita tondeuse, na nikakosea kuichagua.

Ile ya kwanza ilikuwa mpya na iligharimu dola 190. Jina lake halina umuhimu, kwani zinazofanana nayo ni nyingi: bodi ya bati jembamba, magurudumu ya plastiki, na kisu kimoja kirefu kilichofungwa kwa bolti kwenye ncha ya mhimili wa injini. "Bosi, hii ni ya kazi," muuzaji aliniambia, na kwa kweli ilikuwa ya kazi, lakini ya mtu anayekata ua wake mwenyewe mara mbili kwa mwezi. Mimi niliikatia nyua tatu kwa siku.

Ilidumu wiki saba. Katika kiwanja kimoja upande wa barabara ya Kipushi, chini ya nyasi, kulikuwa kumebaki kitako cha kichuguu. Wenye kuijua Katanga wanafahamu kwamba vichuguu vyetu ni vilima hasa. Mwenye kiwanja hukibomoa, huuza au hufyatulia matofali udongo wake, kisha hupanda nyasi juu ya kilichosalia, ambacho kikikauka huwa kigumu kama sakafu. Kisu kilikigonga kitako hicho na injini ikazimika papo hapo. Kila tulipovuta kamba ya kuwashia, ilitunyang'anya mkono kwa kurudi nyuma kwa nguvu, na kijana wangu akashikilia kwamba tumeuziwa petroli iliyochanganywa na maji.

Fundi aliifungua, akatoa kipande cha chuma kisichozidi ukucha. "Papa, petroli haina kosa," alisema. "Kisu kilisimama ghafla, flaiwili, lile gurudumu zito la injini, ikaendelea kuzunguka, kabari hii ikakatika, sasa cheche inatoka wakati usio wake." Kabari hiyo hutengenezwa kwa chuma laini makusudi, ili ikatike yenyewe na kuokoa vitu vya thamani zaidi, na kuibadilisha kulinigharimu dola chache tu. Bahati mbaya, alipouzungusha mhimili kwa mkono, tuliiona ncha yake ikiyumba. Ulikuwa umepinda. Nilizunguka soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, na maduka ya katikati ya mji nikitafuta mwingine, na muuzaji mmoja tu ndiye aliyekubali kuuagiza, kwa bei iliyokaribia ya mashine nzima.

Fundi huyohuyo ndiye aliyenifundisha kusoma injini kabla ya kutazama rangi, na somo hilo ndilo sababu ya mimi kuandika haya. Wauzaji wengi hutaja neno Honda na kunyamaza hapo, kana kwamba limemaliza mjadala. Lakini injini zake za GCV160 na GXV160, ingawa majina yao yanatofautiana kwa herufi moja tu na ukubwa wao unakaribiana sana, hazikukusudiwa mtu mmoja. Ya kwanza, yenye sentimita za ujazo 160, ina mkanda wa ndani unaoendesha vali na imetengenezwa kwa ajili ya mwenye bustani yake. Ya pili, yenye sentimita za ujazo 163, imevikwa silinda ya chuma cha kusubu na imekusudiwa watu wanaoiwasha kila siku. Wala usidanganywe na anayesema kwamba vipuri vya GX160 ya pampu za maji, iliyojaa mjini pamoja na nakala zake za Kichina, vitaingia vyote. Mhimili wa pampu umelala, wa mashine ya nyasi umesimama.

Katikati ya Novemba nilipata ya mtumba yenye GXV160, iliyotoka Afrika Kusini na kuingilia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Muuzaji alitaka dola 500, tukaafikiana kwa 430. Kabla ya kulipa nilimwomba aiache ipoe kabisa, nikaiwasha mwenyewe, nikatazama kama inatoa moshi wa buluu, kisha nikaizima, nikaondoa waya wa plagi na kuizungusha sahani ya visu polepole nikichunguza kama inayumba. Sahani hiyo ndiyo iliyonivutia zaidi. Badala ya kisu kimoja kirefu ina visu vinne vifupi vilivyoshikwa na bolti pembeni, na kimojawapo kinapogonga jiwe hukunja na kurudi nyuma, hivyo pigo halifiki lote kwenye mhimili. Tumeshagonga vitako vya vichuguu mara zisizohesabika. Nimebadilisha visu na bolti tu.

Kwa nyua tisa kwa wiki, nikishatoa petroli, ambayo ni kama lita moja kwa saa, na ujira wa vijana, nilibakiwa na wastani wa dola nne kwa kila ua, na mashine ilijilipa baada ya wiki kumi na mbili. Kitabu cha injini kinaelekeza kubadilisha oili kila baada ya saa 100. Mimi hubadilisha kila saa 50, kwa kuwa ni lita 0.65 tu na vumbi letu jekundu halina huruma. Chujio la hewa nalitazama kila jioni. Sifongo yake huoshwa, lakini sehemu yake ya karatasi hukung'utwa tu, na kijana aliyeiosha kwa sabuni nilimsamehe kwa shida.

Ina kasoro zake. Ni nzito kiasi kwamba watu wawili huipandisha kwenye toroli wakihema, kelele yake imetufukuzisha kwa mama mmoja mwenye mtoto mchanga, na haina kapu la kukusanyia nyasi, kwa hiyo reki haijastaafu. Mteja anayetaka ua laini kama zulia ataona pia kwamba visu vinavyokunja haviachi mkato ulio sawa kama wa kisu kirefu kilichonolewa vizuri.

Tangu Mei hadi Septemba mvua hukatika na kazi hupungua hadi kwenye nyua chache zinazomwagiliwa. Mwaka wa kwanza niliiacha na petroli ndani, ikaganda kwenye kabureta, na Oktoba nikalipia kusafishwa. Mwaka huu nimemwaga tangi, nikaiwasha hadi ikazimika yenyewe, na dereva mmoja wa Kasumbalesa ameahidi kuniletea sahani ya akiba na visu vinane. Malipo nitampa vikifika.