TAHADHARI: Rili "za Marekani" zinazouzwa huku Mtwara na Lindi

Ndugu wavuvi wa Shangani, Mikindani, Msimbati mpaka Lindi mjini, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na rili kuukuu (mashine za kukunjia mshipi wa kuvulia) anazoziita Penn Senator, za kampuni ya Penn ya Philadelphia, Marekani. Pesa yote itangulie kwa simu, mzigo utakuja na basi kutoka Dar. Ukimwomba picha ya chini ya mguu wa rili (pale inapofungwa kwenye fimbo), anasema chaji imeisha.

Nimefungua mbili walizouziwa vijana wa hapa. Mabamba ya ubavuni ni ya Penn kweli, bakelaiti nyeusi (plastiki ngumu ya zamani). Utapeli uko ndani: spuli (kibiringo cha kukunjia mshipi) ya chuma iliyopakwa kromu, gia za zinki, washa za breki zimekatwa kwenye mpira. Akikimbia nguru wa maana, breki inateleza, kisha meno ya gia yanakatika.

Senator za zamani zilikuwa na spuli ya shaba iliyopakwa kromu. Nenda na sumaku: ikinasa, hicho ni chuma. Ila msiishie hapo, maana zinki nayo hainasi. Kwaruza kidogo pembeni pasipoonekana. Shaba itatoa umanjano, zinki ukijivu. Ikiwa imeshakula chumvi hata kukwaruza hakuna haja: shaba huota ukijani, zinki unga mweupe, chuma kutu nyekundu. Bakelaiti ukiisugua kwa kidole mpaka ipate moto hutoa harufu kali ya dawa ya hospitali. Plastiki ya kawaida haitoi.

Sisemi kila rili isiyo ya Marekani ni mbovu. Penn wenyewe baadhi ya rili wamezitengenezea China, na samaki zinavua. Ubaya ni kulipia shaba ukapewa zinki.

Sasa jamaa kaongeza rili nyingine, ABU Ambassadeur "ya Sweden". Zilizotoka kiwanda cha Svängsta mwishoni mwa miaka ya 1970 zina namba iliyogongwa chini ya mguu: tarakimu mbili za kwanza ni mwaka, mbili zinazofuata ni mwezi. Yake imesagwa pale pale penye namba. Eti kutu. Kutu gani inaacha alama za tupa? Rili za Mitchell 300 anazo pia, lakini hiyo hata iwe halisi ya Ufaransa, kwa nguru wa huku naiona nyepesi mno.

Aliyekwishalipa asifute ujumbe wowote. Apige haraka huduma kwa wateja wa mtandao wake kuhusu muamala, aende polisi, na namba ya tapeli aitume kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Mwenye kutaka kununua rili kuukuu, kwa yeyote yule, ifunguliwe kwanza ndipo pesa itoke. Bisibisi ninazo, njooni na rili zenu tuzifungue bure.