Mafunzo ya mama lishe pale chuoni: nilichokula na nilichoondoka nacho

Chuo chenyewe sitakitaja. Kipo hapa hapa Iringa mjini, na nusu ya daftari langu la madeni ni wanafunzi wake pamoja na walimu wawili watatu, kwa hiyo nikikitaja leo, kesho nitapika nile mwenyewe. Mjue tu kwamba nina banda la chakula hatua chache kutoka getini, huu mwaka wa tisa, na kwamba mwaka jana niliitwa kwenye mafunzo yao ya siku tano ya ujasiriamali kwa mama lishe na wauza matunda. Sasa tangazo la awamu nyingine limebandikwa ofisi ya mtaa, na kila anayekuja kununua chapati ananiuliza kama yanafaa. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Nianze na muda, maana ndio ulioniudhi. Saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, Jumatatu mpaka Ijumaa. Anayepika anajua kwamba saa sita mpaka saa nane mchana ndipo pesa yote ya siku inapoingia. Asubuhi ni chai na maandazi ya kubangaiza, jioni wanafunzi wanapika vyumbani. Aliyepanga ratiba ile hajawahi kusimama nyuma ya sufuria. Nilimwachia banda binti wa dada yangu. Siku ya kwanza wali uliungua, ya pili ukabaki nusu sufuria, ya tatu akazoea. Mwenzangu muuza makande hana wa kumwachia, akafunga siku zote tano. Mafunzo yalikuwa bure kweli, hawakutudai hata mia, ila yeye hiyo bure aliilipia wiki nzima.

Darasani siku mbili za kwanza zilikuwa za projekta. Vijana wazuri, wamevaa vizuri, wanaongea Kiswahili kisha katikati ya sentensi wanahamia Kiingereza na kurudi kama mtu anayevuka barabara. Walituambia sana habari ya kashi flo, yaani pesa inavyoingia na kutoka. Jirani yangu wa kiti akaandika kwenye daftari "kashfa", na mpaka mapumziko alikuwa anashangaa biashara ya chakula na kashfa vinahusianaje. Halafu tukapewa fomu ya mpango wa biashara, kurasa kumi na mbili, ina sehemu ya "dira" na sehemu ya "washindani wako wakuu". Washindani wangu wakuu walikuwa wamekaa safu moja na mimi. Ile fomu nimeiweka chini ya godoro, haijanisaidia chochote, na sitaizungumzia tena.

Siku ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike haya. Alikuja mwalimu wa ugavi, mtu mpole, akatueleza kwamba taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya zabuni kwa vikundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Akasema siku hizi zabuni zinapita kwenye mfumo wa mtandaoni, NeST, ulioanza mwaka 2023, na kwamba kikundi kikisajiliwa kinaweza kuomba hata zabuni ya chakula. Tukatega masikio. Wakati anaendelea, mlango wa nyuma ukafunguliwa. Wakaingia vijana wawili wenye fulana za kampuni fulani ya mjini, wakaanza kupanga mezani maboksi ya chakula cha mchana. Chakula chetu sisi. Ukumbi umejaa mama lishe, kila mmoja ana sufuria yake nyumbani, na chakula kimeletwa na gari.

Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima wa kutoka Kilolo, tunamheshimu sana sokoni. Akanyanyua mkono taratibu.

"Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, mama."

"Hicho chakula kinachoingia, kimepikwa na kikundi gani?"

Kilichofuata ni kicheko cha kufuta machozi kwa khanga. Mwalimu, nimpe haki yake, hakukasirika. Alitazama maboksi, akatutazama sisi, akaandika kitu kwenye karatasi. "Mama, swali lako nitalipeleka." Kuku alikuwa mkavu, tena wali ulipikwa alfajiri, wali wa alfajiri nautambua kwa kuugusa na kijiko.

Siku ya nne ilikuwa nzuri kuliko zote na hakuna aliyeitangaza. Mwalimu wa fizikia alikuja bila projekta, amebeba tenga, blanketi kuukuu na sufuria yenye mfuniko. Akauliza nani ana ndugu Dar es Salaam. Karibu wote. Akauliza maharage yanaiva haraka wapi, huku au kule. Nikasema kule, nimepika kwa dada yangu Mbagala mara nyingi na huwa nashangaa, nikadhani ni maji au ni mkaa wao. Akasema hapana, ni kimo. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95, hayafiki 100 kama pwani. Yanatokota, mapovu yanaruka, lakini moto wake ni mdogo, basi maharage yanakaa jikoni na mkaa unaisha. Miaka yote ile nilikuwa nawasema bure wauza maharage wa Soko Kuu kwamba wananiuzia ya zamani!

Dawa aliyotupa ni ile tenga. Loweka maharage tangu jioni, mwaga maji, chemsha kwa nguvu nusu saa nzima, funika, tia sufuria kwenye tenga lililotandikwa blanketi pande zote, funga, kaendelee na mambo yako. Baada ya saa tatu unayarudisha motoni kidogo, unaunga. Nilianza wiki iliyofuata. Maharage yaliyokuwa yananilia ndoo moja na nusu ya mkaa sasa yanakula nusu ndoo. Juni na Julai, baridi ya kwetu ikikaza, naongeza blanketi la pili.

Kilichonisaidia kuliko yote, lakini, kilikuja baada ya mafunzo kwisha. Chuo kilituma wanafunzi wa biashara wawili wawili kwenye mabanda, wiki sita, kama sehemu ya mafunzo yao kwa vitendo. Kwangu walikuja kijana wa Kyela na binti wa Makete. Kijana siku ya kwanza akaudharau mchele wangu wa Pawaga mbele ya wateja, nikamwambia mwanangu, ukitaka wa Kyela rudi kwenu ukaulime. Tukapatana. Walikuja na mizani ndogo ya jikoni na daftari, wakakaa kwenye benchi, wakapima kila kitu. Sado ya maharage kutoka kwa wauzaji watatu: hakuna iliyolingana na mwenzake, na yule ninayemwita rafiki yangu ndiye aliyekuwa na sado yenye kitako kilichobonyea.

Halafu wakahesabu sahani. Mimi nilikuwa najivunia wali nyama, sahani 2,500, ndiyo inayoleta walimu. Kilo ya nyama nanunua 12,000, inatoka sahani nane: hapo ni 1,500 kila sahani. Mchele kilo 2,400, sahani sita: 400. Mafuta, nyanya, kitunguu na kijiko cha mboga, 250. Mkaa, 200. Jumla 2,350. Nabakiwa na 150, na bado sijamlipa binti, sijanunua maji, sijalipa kodi ya banda. Wali maharage ninaouza 1,500, ule ninaoupakua bila hata kumtazama mteja, gharama yake ni 1,000. Unanibakizia 500. Miaka minane maharage yalikuwa yanalisha nyama! Yule binti alinisomea hesabu kwa sauti ya chini, kama anayetoa habari ya msiba. Nilikaa kimya, nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji ambayo sikuyahitaji.

Sasa nyama ni Ijumaa tu, na ni 3,000. Walimu walinuna wiki mbili, wakarudi.

Mambo ya kikundi nitayapitia haraka. Wale wanafunzi walitusaidia kuandika katiba na mihtasari ili tuombe mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulikuwa umesimamishwa mwaka 2023, ukarudishwa 2024. Tumeomba, tunasubiri. Walau wawili kati yetu wameacha kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, kwa sababu walipoiona riba ile imeandikwa kwa mwaka mzima badala ya kwa wiki, walishtuka wenyewe bila kuhubiriwa.

Kijana wa Kyela aliwahi kunifanyia hesabu nyingine siku ya mvua, hakuna wateja. Fedha ya kujikimu ya wanafunzi, boom, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Akasema chukua wanafunzi elfu moja tu wenye boom kamili: milioni 10 kila siku, zinatembea mjini. Nikamuuliza zinatembea kwenda wapi, maana kwangu zinapita kwa machale. Tukazifuata kwa kidole mezani: chumba, vocha, kantini ya ndani ambayo mzabuni wake hata si mtu wa huku, nguo, bodaboda, na mwisho kabisa sisi. Mji wetu umekuwa wa vyuo. Mkwawa peke yake ilikuwa shule, ikawa chuo cha ualimu, na mwaka 2005 ikawa chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam. Sisi tunaopanga mabanda kwenye mageti tunajua boom limeingia kabla hata ya redio, na chuo kikifungwa Julai nahesabu siku kama mfungwa. Basi mtu akisimama ukumbini kunieleza chuo kitanipunguziaje umaskini, mimi natazama kwanza nani kaleta maboksi.

Na lile swali la mama wa Kilolo lilifika. Mwezi wa kumi na moja karani wa idara moja alikuja bandani akaagiza sahani 35 za kikao. Nilipika kama napika harusi. Nilipeleka kwa hotpoti, wakala, wakasifia, wakaniomba ankara, TIN yaani namba ya mlipakodi, na akaunti ya benki. Vyote ninavyo, wale watoto walinisaidia. 87,500, malipo yalitoka baada ya wiki sita. Kwa kampuni yenye gari wiki sita si kitu. Mimi nilikopa mchele kwa Mpemba wa dukani nikawa namkwepa njiani. Wakitaka kutununulia, walipe siku hiyo hiyo au walau watoe nusu kabla sijawasha moto.

Nyota? Projekta naipa moja. Mwalimu wa tenga nne, na ya tano ningempa kama angekuja siku ya kwanza. Wale wanafunzi wawili tano kamili, pamoja na dharau ya mchele.

Awamu mpya inaanza mwezi ujao na ratiba nimeiona, bado ni saa tatu mpaka saa tisa. Nenda, ila tafuta kwanza wa kukushikia banda, na ukifika andikisha jina mapema kwenye orodha ya wanaotaka kutembelewa na wanafunzi, maana nafasi ni chache na hawaitangazi kwa sauti. Fomu ya kurasa kumi na mbili ukiitaka njoo uchukue yangu, ni safi, sijaijaza. Usije Ijumaa mchana.