PyTorch Geometric kwa mitandao ya ubongo: imara, ila viungo ukague mwenyewe

Kwa mwanafunzi wa Makerere au Mbarara mwenye laptopu isiyo na kadi ya michoro, PyTorch Geometric ndiyo maktaba ya kuanzia nayo: ni ya lugha ya Python, na hufunza modeli kwa data ya mtandao, yaani nukta (nodi) zilizounganishwa kwa mistari (viungo). Tangu toleo la 2.3 maktaba kubwa inayoihitaji ni PyTorch pekee, ile ya msingi ya kufunza modeli. Kwenye Linux, omba waziwazi PyTorch ya CPU (isiyotegemea kadi ya michoro); la sivyo pip, kisakinishi cha Python, itavuta gigabaiti za vifurushi vya NVIDIA na bando litakwisha kabla hujaanza kazi.

Nguvu yake imo katika klasi ya MessagePassing. Unaandika kwenye message kile ambacho nodi inamtumia jirani, unachagua kwa aggr kama jumbe zijumlishwe au zitafutiwe wastani, basi. Kupanga nani anampelekea nani ni kazi ya maktaba, na inaifanya haraka.

Data ya ubongo ndiyo inayoitia majaribuni. Chukua ABIDE, hifadhi ya picha za ubongo za watu 1,112, wenye usonji na wasio nao. Kwa nilearn, maktaba ya Python ya picha za ubongo, pakua rois_aal peke yake (wastani wa ishara za kila eneo la ubongo), maana hayo ni mafaili ya maandishi, si picha nzima za MRI. Kila mtu ana maeneo 116 ya ubongo, yaani jozi 6,670 za maeneo, kila moja na uwiano wake (jinsi ishara zake zinavyokwenda pamoja). Ukibakiza asilimia 10 zenye nguvu zaidi unapata viungo 667, na kila kimoja huandikwa mara mbili, kwenda na kurudi: edge_index, orodha ya viungo, iwe na safu mlalo 2 na safu wima 1,334. Ukisahau kurudi, nusu ya jumbe hazifiki na programu haitalalamika hata kidogo. Hilo ni upungufu mkubwa. Ita is_undirected() kila mara, ikague kama kila kiungo kina kurudi kwake. Ukaguzi wa jumla wa validate() peke yake hautoshi.

Uwiano hasi nao una balaa lake. GCNConv, aina moja ya tabaka la modeli, hugawa kwa kipeuo cha pili cha jumla ya uzani wa viungo vya nodi. Jumla ikiwa hasi, unapata nan (jibu lisilo namba) na mafunzo yote yanaharibika. Tumia GraphConv, isiyogawa hivyo. Kufuta alama ya kutoa si dawa: maeneo yanayokwenda kinyume yataonekana kama yanakwenda pamoja.

Tabaka 2 zinatosha, 3 kwa nadra; kila tabaka ni mzunguko mmoja wa kupeana jumbe. Kila eneo hapa lina majirani 11 hivi, kwa hiyo jumbe huenea karibu ubongo mzima upesi, na tabaka zikizidi nodi zote hufanana.

Mifano ya maelezo rasmi huegemea molekuli na makala za kitaaluma, kwa hiyo haigusi jambo hili: ABIDE ilikusanywa vituo 17. Tenga data ya majaribio kwa kituo, si kwa mtu, vinginevyo modeli itajifunza mashine ya MRI badala ya ubongo.